Je, Wajua? Msuli Hukua Ukiwa Umeweka Chuma Chini

Katika mitaa mingi ya Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi kuna mahali pa kupigia chuma pasipo na mashine hata moja. Makopo ya rangi yamejazwa zege na kuunganishwa kwa bomba, gia za gari chakavu zimegeuzwa uzito, benchi ni mbao mbili zilizopigiliwa misumari. Vijana wanaofika hapo jioni wanajua vizuri kilo wanazobeba na raundi wanazopiga. Ubishi huanza kwenye swali jingine: nimepiga kifua leo, nikirudie lini? Mmoja atakwambia kesho, mwingine kesho kutwa, wa tatu atasema subiri mpaka maumivu yaishe kabisa. Jambo hili limepimwa kwa zaidi ya miaka mia moja, na majibu yake yanastahili kufika kwenye mabenchi hayo, kwa sababu wengi wanajitesa kwenye chuma kisha wanajinyima kile hasa kinachojenga mwili.

Je, wajua kwamba siku msuli wako unapofanya kazi kubwa zaidi ni siku ya pili, wewe ukiwa umekaa? Ndani ya msuli kuna protini zinazovunjwa na nyingine zinazotengenezwa muda wote. Zoezi zito huharakisha yote mawili, na msuli hunenepa pale tu utengenezaji unapozidi uvunjaji. Watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada waliwapa vijana wa kiume raundi 12 za kukunja kiwiko kwa uzito mkubwa, mkono mmoja tu, ule wa pili ukaachwa upumzike ili uwe wa kulinganishia. Mwaka 1995 waliunganisha kipimo hicho na walichokuwa wamepima awali, na picha ikawa hii: saa 4 baada ya zoezi, kasi ya kutengeneza protini ilikuwa imepanda kwa asilimia 50, saa 24 baadaye, kwa asilimia 109, yaani zaidi ya maradufu, ilipofika saa ya 36 ilikuwa imekaribia kurudi kawaida.

Kwa aliyemaliza mazoezi Jumatatu saa kumi na mbili jioni, maana yake ni kwamba msuli ulikuwa umeshika kasi Jumanne jioni, na ukatulia alfajiri ya Jumatano. Anayerudi kuupiga msuli uleule Jumanne jioni anaukuta katikati ya ujenzi.

Na kwa mgeni wa chuma muda huo ni mrefu zaidi. Utafiti mwingine wa mwaka 1997 uliwapima watu ambao hawakuwa na mazoea ya kunyanyua uzito, na saa 48 baada ya zoezi kasi ya kutengeneza protini ilikuwa bado juu kwa asilimia 34. Kwa mwenye miaka mingi kwenye chuma, kasi hiyo hupanda na kushuka upesi. Kwa hiyo kijana aliyeanza mwezi huu akiiga ratiba ya kocha wake mwenye mabega mapana, anaiga mwili ambao bado hana.

Je, wajua kwamba mwili hauna saa moja ya kupumzika bali una kadhaa, na kila moja inakwenda kwa mwendo wake? Ya haraka kuliko zote ni ile ya nguvu ya kushtukia, inayotokana na kemikali iitwayo fosfokreatini. Sekunde chache za kunyanyua kwa nguvu zote zinaitumia kwa wingi. Nusu yake hurudi ndani ya takriban nusu dakika, na karibu yote ndani ya dakika 3 hadi 5. Ndiyo sababu wanaonyanyua uzito mkubwa hukaa dakika kadhaa kati ya raundi. Anayekaa hapo si mvivu, asisukumwe.

Saa ya pili ni ya akiba ya wanga ndani ya msuli, iitwayo glaikojeni, na kuna kisa chake kizuri. Mwaka 1966 madaktari wawili wa Stockholm, Jonas Bergström na Eric Hultman, walijifanyia majaribio wao wenyewe. Waliiweka baiskeli moja ya mazoezi katikati, mmoja akakaa upande huu na mwenzake upande ule, kila mmoja akikanyaga pedali kwa mguu mmoja mpaka ukachoka kabisa, mguu wa pili ukiwa umepumzika. Kisha wakala chakula chenye wanga mwingi kwa siku tatu, na kila mara wakachomana sindano nene pajani kutoa kipande kidogo cha nyama ya msuli. Mguu uliofanya kazi ulikuja kuweka akiba takriban maradufu ya ule uliopumzika. Mwili wenyewe, chakula chenyewe, damu yenyewe, lakini ni msuli uliochoka tu uliojua kujilimbikizia. Kupiga chuma hakumalizi akiba hiyo kama zinavyoimaliza mbio ndefu, na kwa anayekula ugali, wali, viazi au mihogo ya kutosha, siku moja hutosha kuirudisha.

Kuhusu maumivu, hapa kuna kosa linalorithishwa kutoka kwa kocha hadi kwa mwanafunzi. Umepiga kifua na mikono Jumatatu, Jumatano asubuhi umepanda daladala na kushika bomba ni mtihani. Utaambiwa hiyo ni asidi ya laktiki iliyoganda kwenye misuli. Si kweli. Laktiki huondoka kwenye damu ndani ya takriban saa moja baada ya zoezi, ilhali maumivu yale hufikia kilele kati ya saa 24 na 72. Mwaka 1902 mwanafiziolojia Mmarekani Theodore Hough, aliyekuwa akipima kidole kikinyanyua uzito tena na tena, alieleza kwamba maumivu yanayochelewa yanatokana na kuchanika kidogo ndani ya msuli wenyewe. Alikuwa kwenye njia sahihi. Leo tunajua kwamba vipande vidogo sana vya nyuzi za msuli na utando unaozizunguka huharibika, kisha mwili hupeleka majimaji na seli za kusafisha, na miisho ya neva hapo huwa nyepesi kuuma.

Mwaka 1983 watafiti waliliweka dai la laktiki kwenye mizani. Watu walewale walikimbia mara moja kwenye tambarare, na mara nyingine kuteremka. Walipokimbia tambarare laktiki yao ilipanda na hawakuumwa baadaye. Walipokimbia kuteremka laktiki yao haikupanda, lakini siku zilizofuata waliumia. Aliyepanda Kilimanjaro anaijua habari hii kwa mapaja yake. Kwenda juu hadi Uhuru, mita 5,895, pumzi ndiyo inayosumbua. Kushuka hadi lango la Mweka, zaidi ya mita 4,000 kwa muda usiozidi siku mbili, ndiko kunakomfanya mtu ashindwe kuteremka ngazi za hoteli kesho yake. Wakati wa kushuka, msuli wa paja hufanya kazi huku ukirefuka, na kazi ya namna hiyo ndiyo inayochana. Kwenye benchi ni ule wakati wa kuteremsha chuma polepole kuelekea kifuani. Ukiurefusha sana, ongeza na siku ya kupumzika.

Je, wajua kwamba kuumwa sana si dalili ya kujenga sana? Watafiti wa São Paulo, Brazili, waliwafuatilia vijana kwa wiki 10 za mazoezi ya uzito na kuchapisha matokeo mwaka 2016. Katika wiki ya kwanza misuli yao ilitengeneza protini kwa wingi mno, na kwa kuangalia juujuu ungesema wananenepa. Lakini sehemu kubwa ya protini hiyo ilikuwa inakwenda kuziba uharibifu. Baadaye, uharibifu ulipopungua na maumivu yakawa madogo, ndipo protini iliyotengenezwa ilipoendana na unene halisi wa msuli. Anayetafuta maumivu kila wiki kama ushahidi kwamba amefanya kazi, anautuma mwili wake kwenye matengenezo badala ya ujenzi.

Mwili pia unakumbuka. Zoezi moja tu zito lenye kuteremsha uzito huuachia msuli kinga: ukirudia zoezi lilelile wiki kadhaa baadaye, utaumia kidogo sana kuliko mara ya kwanza. Kwa misuli ya mkono kinga hiyo imeonekana ikidumu hata miezi sita. Kwa hiyo anayeanza au anayerudi baada ya kukaa muda mrefu afanye siku ya kwanza kwa uzito mdogo na raundi chache. Haipotezi siku hiyo. Anaununulia mwili kinga kwa bei ndogo.

Saa inayokwenda polepole kuliko zote ni ya kano, zile kamba ngumu zinazoushika msuli kwenye mfupa. Watafiti wa Denmark walionyesha mwaka 2005 kwamba baada ya saa moja ya zoezi la mguu, utengenezaji wa kolajeni kwenye kano ya goti ulifikia kilele saa 24 baadaye, na saa 72 baadaye ulikuwa bado uko juu. Katika siku ile ya kwanza na nusu kano huvunja kolajeni nyingi kuliko inayotengeneza. Lakini jambo lililonishangaza zaidi ni lililotoka Denmark hukohuko mwaka 2013. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 yalijaza hewani kaboni ya mnururisho, ikaingia kwenye mimea, kisha kwenye vyakula, kisha kwenye miili ya watu wa dunia nzima. Watafiti waliipima kaboni hiyo kwenye kano za kisigino za watu waliozaliwa kati ya mwaka 1945 na 1983. Katika msuli walikuta kaboni ya siku za karibuni, kwa maana msuli hujifanya upya. Katika kiini cha kano walikuta kaboni ya utotoni mwa kila mmoja. Kiini cha kano yako ya kisigino kilijengwa katika miaka 17 ya kwanza ya maisha yako, na baada ya hapo hakibadilishwi karibu kabisa.

Ndiyo maana bega na kiwiko humsumbua kijana ambaye misuli yake imekua kwa kasi ndani ya miezi mitatu. Msuli umeshapata nguvu ya kubeba kilo nyingine kumi, kano bado haijawa tayari. Maumivu ya msuli yanayoondoka siku ya tatu yasikutishe. Maumivu ya kwenye kiungo yanayorudi kila unapogusa chuma yanataka uzito upunguzwe, na mapema.

Hapo lazima mtu atauliza: mbona mabingwa wanapiga kila siku? Ni swali la haki. Ivan Abadzhiev, kocha wa Bulgaria, aliwanyanyulisha wachezaji wake kila siku, mara kadhaa kwa siku, karibu na mwisho wa uwezo wao. Katika mfumo huo alikulia Naim Süleymanoğlu, mtu wa sentimita 147, aliyekimbilia Uturuki mwaka 1986. Kwenye Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, akishindana katika uzani wa kilo 60, alinyanyua kilo 190 hadi juu ya kichwa, zaidi ya mara tatu ya uzito wa mwili wake. Lakini mtazame mnyanyuaji wa Olimpiki akimaliza: anauachia uzito udondoke sakafuni. Hauteremshi polepole. Ile sehemu ya zoezi inayochana nyuzi za msuli haimo karibu kabisa. Tena watu hao waliingizwa kwenye kazi hiyo tangu wakiwa watoto, na baada ya mazoezi shughuli yao ilikuwa kula na kulala, si kwenda kubeba mizigo sokoni. Na katika Seoul hiyohiyo, wanyanyuaji wawili wa Bulgaria waliokwisha kuvishwa dhahabu walinyang'anywa baada ya kukutwa na dawa iliyopigwa marufuku ya kutoa maji mwilini, na timu yao ikajiondoa mashindanoni. Ratiba ya namna hiyo haifai kunakiliwa na kijana anayekula mara mbili kwa siku.

Je, wajua kwamba barafu inaweza kukupunguzia ulichokifanyia kazi? Timu ya watafiti huko Queensland, Australia, iliwafanyisha wanaume mazoezi ya miguu mara mbili kwa wiki kwa wiki 12. Nusu yao walikaa kwenye maji ya nyuzi joto 10 kwa dakika 10 kila baada ya zoezi. Wengine waliendesha baiskeli taratibu. Matokeo ya mwaka 2015 yalionyesha kwamba waliokaa kwenye baridi walipata msuli na nguvu pungufu. Mchezaji mwenye mechi leo na kesho anaweza kunufaika na maji baridi, kwa sababu anataka miguu isiyouma. Anayetafuta msuli aoge kama kawaida tu.

Dawa za maumivu nazo zina lao. Mwaka 2018 watafiti wa Karolinska, Sweden, waliwapa vijana wenye umri wa miaka 18 hadi 35 miligramu 1,200 za ibuprofeni kila siku kwa wiki 8 za mazoezi, na kundi jingine likapewa aspirini kidogo sana, miligramu 75. Paja la waliokula aspirini kidogo lilinenepa takriban maradufu ya la wenzao. Kidonge kimoja cha siku moja hakijapimwa hapo, bali mazoea ya kila siku. Wanaomeza vidonge kabla hata ya kufika kwenye benchi, ili wasisikie maumivu, ndio ninaowaambia.

Kujinyoosha misuli baada ya mazoezi? Kuna faida zake, ila kupunguza maumivu ya kesho si mojawapo. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa mwaka 2011 yalikuta tofauti ndogo isiyo na uzito wowote. Kukandwa husaidia zaidi, pamoja na kutembea taratibu.

Usingizi ndio silaha kubwa na haiuzwi dukani. Watafiti wa Australia mwaka 2021 waliwakesha vijana usiku mmoja tu, kisha wakawapima. Utengenezaji wa protini kwenye msuli ulishuka kwa asilimia 18, homoni ya kiume ilishuka kwa asilimia 24, na homoni ya msongo iitwayo kotisoli ilipanda kwa asilimia 21. Usiku mmoja! Mlinzi wa usiku, dereva wa bodaboda anayelala kwa saa nne tu, mwanafunzi wa mitihani: hawa wanahitaji siku nyingi zaidi kati ya zoezi na zoezi, hata wawe na moyo kiasi gani. Hali ni hiyohiyo mwezi wa Ramadhani, ambapo wengi wa pwani hupiga chuma baada ya futari au tarawehe na usingizi hukatwa na daku. Kupunguza raundi mwezi huo na kulala mchana kidogo ni busara, na msuli hautapotea.

Chakula kinafuata hapohapo. Uchambuzi mkubwa wa tafiti uliotoka mwaka 2018 uliona kwamba faida ya protini kwa wanaonyanyua uzito hufika kikomo karibu na gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kwa mtu wa kilo 70 hiyo ni gramu 112. Yai moja lina gramu 6 hivi, kwa hiyo mayai peke yake hayatamfikisha. Maharage, kunde, dagaa, samaki na maziwa vinafanya kazi hiyo bila makopo ya unga ya bei ya mshahara. Dagaa wakavu hasa wana protini nyingi mno kwa bei yao.

Je, wajua kwamba hata mwenye miaka 90 anajenga nguvu akipewa nafasi ya kupumzika? Boston, mwaka 1990, wazee dhaifu wa miaka 86 hadi 96 waliokuwa wakiishi kwenye makao ya wazee walipewa mazoezi mazito ya mapaja mara tatu kwa wiki kwa wiki 8. Tisa waliomaliza waliongeza nguvu kwa wastani wa asilimia 174. Sidhani kuna habari njema kuliko hii kwa wanaodhani bibi na babu ni wa kukalishwa kwenye kiti tu.

Basi ni siku ngapi? Chuo cha Tiba ya Michezo cha Marekani kinawashauri wanaoanza kufanya mwili mzima siku 2 hadi 3 kwa wiki, na kuacha angalau saa 48 kabla ya kurudia misuli ileile. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka kila mtu mzima afanye mazoezi ya nguvu siku 2 au zaidi kwa wiki. Uchambuzi wa tafiti wa mwaka 2016 ulikuta kwamba kuupiga msuli mara mbili kwa wiki kunajenga zaidi ya mara moja. Kwa hiyo yule anayefanya kifua Jumatatu tu, akakiua, kisha akakiacha wiki nzima, angepata zaidi kwa kuzigawa raundi zake: nusu Jumatatu, nusu Alhamisi. Anayependa kufika kila siku naye apishanishe, leo kifua na mikono, kesho miguu.

La mwisho ni la hatari. Mwaka 1941, London ikipigwa mabomu, madaktari Eric Bywaters na Desmond Beall walieleza habari za watu waliotolewa wazima chini ya vifusi, kisha wakafa siku chache baadaye kwa figo kushindwa kazi. Misuli iliyopondwa ilikuwa imemwaga kwenye damu protini iitwayo mayoglobini, ikaziziba figo. Zoezi la kupita kiasi linaweza kuleta balaa hilohilo bila kifusi chochote, hasa kwa aliyekaa miezi bila mazoezi kisha akarudi kwa mashindano ya pushapu mia kadhaa, juani, bila maji. Dalili zake ni msuli kuvimba na kuwa mgumu, maumivu yasiyo ya kawaida, mwili kulegea, na mkojo kuwa na rangi ya chai ya rangi. Ukiuona mkojo wa namna hiyo baada ya mazoezi, usingoje urudi kawaida wenyewe wala usimeze ibuprofeni, ambayo nayo inazielemea figo. Kunywa maji, nenda hospitali siku hiyohiyo, na mwambie daktari ulifanya zoezi gani na lini.